Mwaka Niliokaa Ndani na Majora

Niko eda. Mume wangu Salumu tumemzika kabla mvua hazijaanza, na tangu siku ile sijavuka kizingiti cha nyumba hii ila kwenda uani. Watu wanakuja kunipa pole, wanatikisa vichwa, masikini Bibi Hadija, kufungiwa ndani uzeeni. Hawajui kwamba mimi kukaa ndani ni fundi wake. Wajukuu wanapokezana kunikalia, na anayekuja zaidi ni Nadia, si kwa mapenzi tu, bali kwa sababu chumba changu kimetulia na yeye ana kazi za shule. Siku hizi kazi zote ni za Kiingereza. Sisi tulikua na Kifaransa cha Wabelgiji, watoto wetu wakasoma Kifaransa, wajukuu wakaamka asubuhi moja wakaambiwa hapana, sasa ni Kiingereza. Juzi alikuwa anauma kalamu. "Bibi, hii nayo ni lugha? Neno moja, maana chungu nzima!" Nikamuuliza neno gani. Akasema, aa, Bibi, wewe hutalijua. Nikamwambia alitaje tu, kutaja si dhambi. "Bolt," akasema, na mimi nikaanza kucheka mpaka shungi likanidondoka kichwani, nikajiuma ulimi nikikumbuka niko matangani.

Kiingereza sikijui. Sijui hata kuomba maji. Lakini neno hilo moja, wallahi, nalijua kuliko mwalimu wake. Nikampa maana zote, moja baada ya nyingine, na yeye akizitafuta kwenye kamusi yake na kuzikuta zimekaa palepale nilipozisema. "Nani alikufundisha?" Nikamwambia nilifundishwa ndani, mwaka nilipokuwa mwali, nikamwambia na yaliyofuata. Alisahau kazi yake ya shule. Akasema niyaandikishe, naye ataandika, basi ndiyo haya.

Wakati huo, miaka ya hamsini, nilikuwa nakaa Gisenyi, mpakani na Congo, mtaa wa Waswahili, kwa shangazi yangu Mariamu. Mumewe, Mzee Hamisi, alikuwa na duka la vitambaa. Posa yangu ilipokuja na kupokewa, ikawa kama ilivyokuwa desturi yetu: mwali haonekani tena barabarani, haendi kisimani, hasimami mlangoni, anawekwa ndani mpaka siku ya harusi. Nyumba ilikuwa ndogo na watoto wengi. Chumba pekee kilichobaki kilikuwa stoo nyuma ya duka, ambamo Mzee Hamisi alipanga majora yake, kaniki, merikani, drili, khaki, na ya maua maua yaliyopendwa na wanawake wa Goma. Wakanitandikia godoro katikati. Mlango ulikuwa na komeo la chuma, nalo lilikuwa nje, kwa ajili ya wezi. Kila mtu alilifunga akipita, kwa mazoea ya miaka. Nilipolalamika, shangazi alinishangaa kwelikweli. "We mutoto, nani anakufungia we? Tunafungia vitambaa!" Na alikuwa anasema kweli, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Hakuna aliyefikiria kunifunga. Nilifungwa kwa sababu nililala karibu na mali.

Juu, karibu na mabati, palikuwa na kidirisha ambacho hata paka asingepita. Kupitia hapo niliona kipande cha anga, na jioni anga hilo lilikuwa jekundu kwa moto wa mlima upande wa Congo. Majora yalinuka wanga na mafuta ya taa. Niliamka na harufu hiyo, nikala nayo, mpaka uji wa maziwa walionishindilia ili ninenepe ukawa na ladha ya drili mpya. Asubuhi uji, mchana ugali na sombe, yaani kisamvu, jioni wali ukiwapo, na kila sahani shangazi alisimama juu yangu mpaka iishe. Kazi yangu nyingine ilikuwa kusikiliza. Ukuta ulikuwa wa mbao, na upande wa pili, barazani, walikaa mafundi wa cherehani. Midomo yao ilikwenda kasi kuliko cherehani zenyewe. Siku moja nikasikia wananizungumzia mimi. "Ile Salumu wa Bukavu, iko na kamiyo mbili," mmoja akasema, yaani malori. "Na bibi-arusi?" "Muzuri. Yule hata jua haimujui." Wakacheka wote. Mimi nikajitazama mikono, na kweli ilikuwa imepauka, ina rangi ya mtu anayetoka kuugua. Nililia siku hiyo kwa hasira, si kwa huzuni. Jua lilikuwa linanijua vizuri sana kabla yao!

Kila mwali ana somo wake, mwanamke mtu mzima wa kumfundisha mambo ya ndoa. Wangu alikuwa Bi Zaituni. Alikuwa mzee, mwembamba, anakohoa, hana mume wala mtoto, na alikaa kwa shangazi kwa hisani, kwenye kibanda cha uani. Asili yake Kigoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kigoma. Hiki ninachosema ni yeye aliyeninyoosha ulimi. Mambo ya ndoa alinifundisha kwa siku chache, akachoka. "Mengine utayaona mwenyewe," akasema, "mimi nikikwambia utakimbia." Basi zikabaki siku nyingi, na sisi wawili, na majora. Kwenye kila jora palibandikwa karatasi, maana mali ilitoka Kampala, na kwenye karatasi pamechapwa maneno. Herufi nilizijua kidogo. Nikasoma kwa taabu, nikamuuliza Bi Zaituni hili neno la kila jora, bolt, ni nini, na yeye akaguna kama mtu aliyekutana na jamaa wa zamani.

Alikuwa ameishi na neno hilo. Ujanani alilea watoto wa Mwingereza wa reli, kule Kigoma, na Kiingereza alikiokota jikoni, neno hapa neno pale. Hili, alisema, ndilo lililomsumbua kuliko yote, kwa sababu kila aliposhika maana yake lilihama. Jioni mama mwenye nyumba, aliyeogopa fisi, alimwita afunge milango, na neno lilikuwa hilo: komeo. Asubuhi bwana anakwenda kazini na sanduku la vyuma vya kushikia reli, neno hilohilo: bolti, na hata sisi tumelichukua kwake. Mezani mtoto anabugia chakula bila kutafuna, anakaripiwa kwa neno hilo. Treni inapiga honi, mbwa anachomoka mbio hadi ziwani, mama anapiga kelele ni neno hilo tena. Mvua inakuja kutoka Congo, radi inapasua anga, watoto wanajificha kwenye kanga yake wakililia neno hilo. "Nikasema hawa watu ni masikini," Bi Zaituni aliniambia. "Wana meli, wana treni, maneno hawana!"

Siku moja akamuuliza yule bwana. Akacheka, akachukua kijiti akachora mchangani mshale mfupi mnene wenye kichwa butu, mshale wa vita vyao vya zamani. Akamwambia neno lilianzia hapo, mengine yote ni watoto wake. Bi Zaituni alikuwa amelifikiria jambo hilo miaka na miaka akifua nguo za watu, na alinieleza kwa kunionyesha kwa mkono. Mshale ukiwa angani, unaruka, hapo ndipo ilipotoka radi, na mbwa anayechomoka, na chakula kinachokwenda kooni bila salamu. Mshale ukishafika, umechoma, hautoki, hapo ndipo ilipotoka komeo na bolti. "Na jora?" nikauliza. Akalipiga jora la kaniki kofi. "Jora ni umbo tu. Fupi, nene, kama wewe sasa hivi na huo uji." Tulicheka mpaka mafundi wakasimamisha cherehani kutusikiliza. Halafu akasema jambo ambalo sijalisahau, kwamba mshale haujichagulii kuruka au kukwama, mwenye upinde ndiye anajua. Nilimchukia kidogo kwa maneno hayo.

Maana mimi nilikuwa nimeshachagua. Siku ya ndoa, kabla shehe hajaifunga, mashahidi wawili huja mlangoni kwa mwali, na nje ya mlango wanamuuliza: fulani bin fulani anakuoa, umeridhika? Wanauliza mara tatu. Mwali akinyamaza, amekubali, kwa sababu msichana huona haya, na kunyamaza kwake ndiko kukubali kwake. Akilia, pia amekubali. Ili iwe hapana ni lazima aseme, na katika mtaa wetu sikuwahi kusikia aliyesema. Mimi nitasema. Nilifanya mazoezi mwaka mzima. Niliweka mdomo kwenye jora la merikani ili sauti isivuke ukuta nikasema, "Sitaki." Nikasema polepole, nikasema kwa nguvu, nikasema kwa adabu, "Sitaki, baba zangu." Nadia ameniuliza kama Salumu alikuwa mtu mbaya. Mtoto, ningejuaje? Sikuwahi kumwona hata kisigino. Sikuwa namkataa yeye. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima hakuna aliyeniuliza hata kama nina njaa, na hilo lilikuwa swali moja tu nililobakishiwa. Nililisubiri kama watu wanavyosubiri Idi.

Harusi ilipangwa Jumapili. Ijumaa kabla yake nikazidiwa. Nikakataa uji, nikajilaza kifudifudi, nikamwambia Bi Zaituni nasikia kuta zinanikalia kifuani. Ilikuwa saa ya sala ya Ijumaa, duka limefungwa, mafundi na wanaume wote wako msikitini, na shangazi yuko jiko la nyuma na wanawake wenzake, wanachambua mchele wa harusi. Bi Zaituni akanivika buibui lake mwenyewe, mpaka usoni. Yeye akajitanda kanga. Tukatoka, naye akalirudisha komeo mahali pake, ili mtu akipita asishtuke. Ningependa kusema kwamba nilikimbia. Sikuweza hata kutembea vizuri, magoti yalikuwa yamesahau, na mwanga uliniumiza macho hadi nikamshika mkono kama kipofu. Tukashuka hadi ziwani, pale wavuvi walipoweka mitumbwi yao, mbali na nyumba za Wazungu. Nilivua viatu nikaingia majini mpaka vifundo vya miguu. Maji yalikuwa baridi, mvuvi mmoja alikuwa anaimba akishona wavu, na mwanamke akamgombeza mtoto wake kwa Kinyarwanda kwa kulowesha nguo. Ni hayo tu. Sikutaka kitu kingine duniani.

Mvua ikaja kutoka upande wa Goma, kwa ghafla, kama mvua za kwetu zinavyokuja. Radi ilipiga ziwani, nyeupe, na Bi Zaituni akanitazama akalitamka lile neno, na sisi wajinga wawili tukacheka. Tukajibanza chini ya kibanda cha wavuvi. Hatukuweza kutoka, ilikuwa inamwagika kwa ndoo.

Kilichotokea nyumbani nilisimuliwa na shangazi. Salumu alikuwa amefika msikitini na habari kwamba barabara ya Sake, ya kurudi Bukavu, imeanza kukatika kwa mvua. Asipoondoka siku ileile na kamiyo yake, atakwama Gisenyi wiki nzima na mali ya watu. Wanaume wakashauriana palepale baada ya sala. Bon, kwa nini tungoje Jumapili? Shehe yupo, bwana-arusi yupo, mwali yuko ndani. Mashahidi wakaletwa mbio chini ya mwavuli mmoja. Wakakuta mlango umefungwa kwa komeo kama siku zote. Wakasimama wakauliza, "Binti Hadija, Salumu anakuoa, umeridhika?" Wakauliza mara tatu. Mvua inapiga mabati hivi kwamba hata ningekuwamo nikapiga kelele, sijui kama wangesikia. Wakasikiliza. Kimya. Wakarudi msikitini wakasema, "Mwali amekubali."

Sisi tukaingia uani mvua ilipopungua, tumelowa chapachapa, na wanawake wanapiga vigelegele. Nilidhani wanafurahia mchele. Shangazi akageuka akaniona. Akaangalia miguu yangu yenye matope, akaangalia mlango uliofungwa, na uso wake ukabadilika rangi. Alinivuta mkono akatuingiza stoo sote wawili kabla wengine hawajatuona, akanifuta kichwa kwa kipande cha drili.

"Umeolewa," akaninong'oneza. "Sasa hivi. Walikuuliza."

"Walimuuliza nani? Mimi sikuwamo!"

"Nyamaza!"

"Shangazi, sikuwamo! Namwambia shehe. Ndoa hiyo si ndoa."

"Mwambie," akasema. "Mwambie ulikuwa unatembea inje siku ya ndoa yako. Halafu tuone nani alifungua mulango." Akamgeukia Bi Zaituni. "Hamisi atamufukuza huyu leo leo, na hii mvua. Ataenda wapi? Donc, sema, we mwenye kinywa."

Bi Zaituni alikuwa amesimama kwenye kona, maji yanamtiririka kutoka kwenye kanga, anakohoa kwa kujizuia. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sema, mwanangu. Nilikuja hapa kwa miguu, nitaondoka kwa miguu." Miguu yenyewe ilikuwa inatetemeka. Nikasikia viatu vya wanaume barazani. Shehe akaja mpaka mlangoni, akakohoa kwa heshima, akasema, "Hadija, mwanangu, Mungu akubariki wewe na mumeo. Una neno?" Ndiyo, aliuliza. Hakuna aliyelazimika kuuliza, mambo yalikuwa yamekwisha, lakini yule mzee aliuliza. Lilikuwa swali langu lenyewe. Neno nilikuwa nalo ulimini, nimelinoa mwaka mzima. Nikamtazama Bi Zaituni, nikanyamaza. Mara ya kwanza kilichonyamaza kilikuwa chumba. Mara hii nilikuwa mimi.

Basi nikaenda Bukavu kwenye kamiyo, nimekaa kati ya Salumu na utingo wake, sijui nimtazame nani. Bi Zaituni alikaa kwa shangazi mpaka alipokufa, na hakufukuzwa na mtu. Salumu alikuwa mpole, mchapakazi, mpenda mzaha, anakoroma. Tukazaa. Tukarudi Gisenyi. Yakatokea na mengine katika nchi hizi mbili ambayo sitayaweka hapa. Kwa miaka mingi nilimpikia, nikamfulia, nikamcheka, na ndani kabisa nilikuwa bado kwenye ile stoo nimeweka mdomo kwenye jora. Mtu anaweza kuwa na nyumba ya vyumba sita na bado yumo katika kimoja. Alipoingia alifunga komeo, kama wanaume wote wanavyofunga, na kila lilipogonga chuma chake mimi nilishtuka, naye aliona, na hakujua kwa nini.

Ikafika zamu ya binti yetu mkubwa kuulizwa. Mashahidi walipokuja nikasimama mlangoni nikaufungua wazi. Nikasema mtamuuliza mkiuona uso wake, na atajibu kwa mdomo, la sivyo hakuna ndoa hapa. Wakanung'unika, mama huyu analeta desturi gani. Binti akasema, "Ndiyo, nimeridhika," kwa sauti, akacheka, mambo yakaisha vizuri. Wageni walipoondoka Salumu akaniuliza, "Mama Zaituni, ile ilikuwa nini?" Maana binti huyo nilimpa jina la somo wangu. Nikachoka kunyamaza. Nikamwambia yote, mvua, ziwa, mlango uliofungwa na chumba kitupu. Akakaa kitandani, mikono magotini. Niliogopa.

"Kumbe mi nilioa chumba," akasema.

Nikaangua kicheko, na yeye akacheka, halafu nikaona kwamba halii wala hacheki, kitu katikati. Akatoka akaenda kwenye kamiyo yake. Akarudi na spana na bisibisi, akalifungua komeo la mlango wetu wa chumbani, bolti moja baada ya nyingine, akalitupa chini ya kitanda. Matundu yake bado yapo, mjukuu mmoja ameyaziba kwa sabuni. Kisha akatoka nje ya mlango, akasimama, akakohoa kama shehe. "Hadija, Salumu anakuoa. Umeridhika?"

Nikamwambia, "Niulize kesho."

Akauliza kesho. Akauliza kesho kutwa. Ikawa mchezo wa kila asubuhi, kabla ya chai, watoto wakatuzoea. Akiwa safarini aliuliza kwa salamu za madereva, wananifikia barazani wanaona haya: mama, mzee anasema unakubali? Hata alipokuwa mgonjwa, sauti imekwisha, alikuwa anainua nyusi tu, na mimi nikijua ni swali. Kila mara nilisema kesho. Nadia hapa aliacha kuandika. "Lakini Bibi, ulikuwa unakubali au hukubali?" Nikamwambia nilikuwa napenda kuulizwa. Nilijua nikishajibu hatauliza tena, na mimi nilikaa mwaka mzima ndani na miaka mingi baada yake nikingoja mtu aniulize.

Jana asubuhi niliamka saa ileile. Chai ilikuwa bado. Nadia amelala, mlango uko wazi, mafundi wa jirani hawajafungua. Nikakaa kitandani upande wangu nikasema kwa sauti, kama nilivyojifunza zamani, polepole na kwa adabu. "Ndiyo, Salumu. Nimeridhika."

Chumba kikanyamaza.